Hesabu ya Taa Uliyoenda Nayo

Dieumerci, papa,

Ni mimi mama yako, na nimekasirika. Ninaanza na hilo ili usidhani nimekaa tena kukulilia. Kulia nililia, mutaa wote wa Nyakasanza walinisikia, mpaka sauti ikakauka. Leo ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, na weye unajua masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa primère. Ulikuwa unanicheka: «Mama, herufi zako zinatembea kama mbuzi wa Mudzipela, kila moja na njia yake.» Cheka huko uliko. Ukimaliza, sikiliza.

Dada yako Furaha alipewa upofu. Mutoto wangu wa mwisho, mushonaji, akaambiwa macho yake yanakufa. Na haikuwa ugonjwa. Ilikuwa mashine yako, na hesabu uliyoenda nayo kichwani.

Ngoja nikuambie vizuri, hasira inanirukisha.

Tulipomaliza matanga yako, tuligawa vitu vyako kama kawaida. Mujomba wako alichukua viatu, na vinamubana, anavivaa hivyo hivyo. Baraka, yule kijana uliyemufundisha kazi ya mashine pale kliniki ya macho, hakutaka kitu. Alisimama mbele ya wajomba, mikono nyuma kama mutoto wa shule, akasema: «Mama, kazi ya Dieumerci sitaigeuza. Vile aliacha, vile itabaki.» Watu walipiga makofi. Mimi nilimushika kichwa na mikono miwili, nikamubariki. Ona sasa baraka zangu zilifanya nini.

Unaikumbuka ile bakuli. Nasema unaikumbuka, kana kwamba kuko kitu kingine ulipenda hapa duniani. Ile bakuli kubwa nyeupe ya kupima upana wa macho. Mutu anaingiza uso, anaweka kidevu, jicho moja limefunikwa, anaangalia katikati tu. Na weye, nyuma yake, unatembeza kamwanga kadogo huku pembeni. Akikaona, anabonyeza kengele. Asipokaona, unapaka nyeusi kwenye karatasi. Kila ulipoisafisha ulikuwa unaniita mimi kwanza, hata kama nimetoka sokoni na mikono inanuka sombe, yale majani ya muhogo ninayouza. «Mama, macho yako ni mazuri, weye njo utaniambia kama mashine iko sawa.» Ndani mule mwanga ulikuwa mupole, kama asubuhi mbele ya jua kutoka. Nilikuwa ninasinzia. Unagonga bakuli kwa kidole: «Mama! Huku si kanisani!»

Furaha alianza kuumwa kichwa kule mwanzo wa mvua. Alikuwa anashona nguo za waimbaji wa korali, kitambaa cheusi, uzi mweusi, nani asiumwe kichwa? Lakini mimi unanijua. Mutoto akikohoa mara moja, mimi nimeshachagua wimbo wa mazishi. Nikamupeleka kliniki. Dokta Solange akamupima presha ya jicho, iko muzuri. Akamutuma kwa bakuli. Baraka akatembeza kamwanga. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, ninangoja kusikia kengele. Ililia kidogo. Halafu kimya. Halafu kidogo tena. Ule ukimya, papa.

Dokta akatuonyesha karatasi. Katikati nyeupe, pembeni kote nyeusi. Akasema kuko ugonjwa unaokula macho kutoka pembeni, polepole, hata kama presha iko sawa. Akasema kilichokufa hakirudi. Akatoa dawa ya matone. Ile dawa inachoma! Furaha alikuwa anashika ukingo wa meza, machozi yanateremka, na mimi ndiye niliyekuwa ninamutia. Asubuhi na jioni nilimuchoma mutoto wangu macho kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Alirudisha kitambaa cha korali bila kushonwa. Cherehani akaifunika na kitenge. Na siku moja ninatoka sokoni, ninamukuta anatembea ndani ya nyumba, macho ameyafumba, mukono kwa ukuta. Anatoka kitandani mpaka mulangoni, mulangoni mpaka jikoni. Nikamuuliza, unafanya nini? Akasema, bila kufungua macho: «Ninajifunza, mama. Ni afazali nijifunze wakati bado ninaweza kuchungulia.» Nilimupigia kelele. Fungua macho! Fungua macho haraka, unatuitia mukosi! Hakufungua. Aligonga chungu, akanusa, akasema: «Leo umesahau chumvi.» Na kweli nilikuwa nimesahau. Nilitaka kumupiga, nilitaka kumubeba mugongoni kama zamani. Nilikaa chini nikachambua sombe.

Sasa sikia namna nilivyoanza kushutuka. Pale sokoni kuko dereva mumoja wa lori, anapeleka bidhaa Ariwara, ananunuaga sombe kwangu. Nikamuona anatembea na kijana anamushika mukono. Nikamuuliza, papa, ajali? Akasema hapana, ni macho, ameambiwa pembeni kote ni nyeusi, ameacha kuendesha. Wapi? Kule kliniki. Halafu mama wa maziwa, naye vile vile. Halafu nikasikia juu ya katekista mumoja wa Mahagi, aliyekuja hapa kwa dada yake kupimwa, amerudi kwao kungoja giza. Wote pembeni nyeusi. Wote kwa bakuli lako. Nikasema moyoni: Bunia nzima haiwezi kuwa kipofu mvua moja.

Na akili yangu ilienda moja kwa moja fasi mbaya. Nilijua taa ya ile mashine iliungua nyuma ya weye kufa, Baraka akaweka nyingine. Nikasema, njo hapo! Ameuza taa nzuri ya mutoto wangu, ameweka takataka!

Nilienda. Papa, nilienda na kilemba kimekaa upande, na sikujali. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi. Nikasimama katikati nikasema: Baraka, toka! Mwizi wa taa, toka! Kuko muzee mumoja, jicho limefungwa pamba, akasema: «Mama, ongea polepole, siye tunaumwa macho, si masikio.» Watu wakacheka. Nikamuambia na weye, muzee, ukiingia mule watakutoa kipofu. Hakucheka tena, alivuta kofia yake akasogea kuelekea njiani.

Baraka akatoka, amevaa ile koti yako nyeupe. Kumbe alichukua kitu! Ile koti nilikuwa ninaifua mimi. Akasema: «Mama, taa ni ya namna ile ile, nimeiagiza Kampala, jina lile lile, hata sanduku lake iko.» Akaleta sanduku. Nikamuambia sisomi masanduku, weka mimi kwa bakuli.

Dokta Solange alitoka na hasira zake, akasema, mama, tuko na kazi. Nikamuambia, kazi yako ni mimi leo. Karatasi zangu zote ziko hapa, Dieumerci alikuwa ananipima kila mwezi, zote nyeupe. Niweke. Ninyi wote mulikuja kwa matanga ya mutoto wangu mukala, leo mutanipima.

Wakaniweka. Na papa, nilipoingiza uso, nilifumba jicho. Ule haukuwa mwanga wa asubuhi. Ulikuwa kama kuangalia bati jipya saa sita ya mchana. Nilitafuta kamwanga kako kadogo, nilitafuta, sikukaona. Nilisikia mukono wa Baraka unatembea nyuma na mimi ninangoja, na kengele iko chini ya kidole changu, na hakuna kitu cha kubonyeza. Nililia ndani ya bakuli. Si ju ya macho. Nilidhani wamekutoa na mule pia.

Karatasi yangu ikatoka nyeusi kama ya Furaha. Dokta aliishika karibu na zile za zamani, muda murefu. Halafu akamuambia Baraka: «Kaa weye.» Naye nyeusi. Halafu dokta mwenyewe akavua miwani, akaweka kidevu, akamuambia Baraka amutembezee. Karatasi yake nayo ikatoka nyeusi. Hakuniomba musamaha, hapana. Aliuliza tu, sauti chini: «Baraka, uliweka mwanga wa bakuli namna gani?»

Baraka akaonyesha. Ubavuni mwa mashine kuko ile karatasi ya kiwanda, ya zamani, imekuwa ya njano. Weye ulipiga mustari mwekundu chini ya namba moja, thelathini na moja na nusu. Alipobadilisha taa alichukua kile kipimo chako kidogo cha mwanga, akakielekeza ndani ya bakuli, akafungua kofia ya taa, ile inayopunguza mwanga, kidogo kidogo mpaka kipimo kikasema thelathini na moja na nusu. Akaangalia mustari wako mwekundu, akaangalia kipimo, sawasawa. Aliniambia siku ile alisali hata, akasema, asante Mungu, sijageuza kitu cha Dieumerci.

Na dokta akaweka kidole juu ya ile neno ndogo iliyoandikwa kando ya namba. Baraka akaisoma. Akaisoma tena. Halafu akageuza kipimo akasoma ya kwake. Akakaa chini, papa. Chini kabisa, kwenye simenti, na koti yako.

Maneno hayakuwa sawa. Kwenye karatasi ilikuwa apostilibi. Kwenye kipimo ilikuwa kandela kwa metre carré.

Na mimi hapo hapo nikakuona weye! Nilikuona jikoni kwangu, juu ya kile kiti kisicho na mugongo, ninatwanga sombe na weye unanipigia hadithi za wazee wako. Muzee Lamberti. Muzee Stilibi. Na Apostilibi, mudogo wao. Mimi nilidhani ni mapadri wa zamani wa misioni. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia ni vipimo vya mwanga, vimestaafu, dunia nzima inasema kandela siku hizi, lakini mashine za zamani hazikupata habari. Ile sanduku ya kuangalia picha za mifupa inaongea futi-lamberti. Bakuli linaongea apostilibi. Na kipimo chako cha zamani kilikufa, muzungu mugeni akakuachia kipya ambacho hakijui wazee, kinajua kandela tu. «Kwa hiyo mama, mimi njo mutafsiri wao. Huyu wa mifupa ninamuzidisha, huyu wa bakuli ninamugawanya.» Nikakuambia, kama muchele: huku kopo, kule kilo, muchele ni ule ule. Uliruka! «Mama, ungesoma, ungekuwa minisiteri!»

Unamugawanya kwa ngapi? Uliniambia. Hakika uliniambia. Mimi nilikuwa ninaitika tu, ee papa, ee papa, akili yangu iko kwa majani yasiungue. Nilisimama pale kliniki, nikajua kwamba nimeisikia, na namba haikunirudia. Ni Baraka aliyeitafuta kwa simu. Tatu na kitu. Thelathini na moja na nusu ya wazee ni kumi tu ya kandela. Kumi! Alikuwa ameweka mwanga mara tatu na zaidi. Kamwanga kenyewe hakakuongezwa, kile kipimo hakiwezi kupima kitu kidogo vile, kwa hiyo kalibaki na nguvu yake ya zamani ndani ya jua. Nani angekaona? Malaika?

Sasa nijibu. Ju ya nini ulimuambia mama anayetwanga sombe, na haukumuambia kijana anayeshika mashine? Ulipiga mustari chini ya namba, nguvu yote ya kalamu nyekundu, na haukuandika «kumi» kando yake. Neno moja! Kila mwezi uligawanya kichwani, unapiga mluzi, na kazi inakwisha mbele mutu hajaona kama kuko hesabu. Baraka anasema alikuwa anakuangalia unapima, na kipimo kinasema kumi, na hakuuliza, na taa ilipoungua akaamini mustari wako. Ju ya nini haukuuliza, nikamuuliza. «Mama, alikuwa anafanya kama kupumua. Mutu haulizi mwingine anapumua namna gani.»

Na nilikuambia usiende Komanda. Nilikushika mukono hapa mulangoni. Mvua imenyesha, barabara ni sabuni, malori ya mbao yanateremka bila breki. Ukasema: «Mama, frigo ya chanjo kule ikibaki imeharibika hivyo, watoto watachomwa sindano za maji.» Ukapanda pikipiki. Kila mutu alikuwa na shida yake na weye ulikuwa na jibu la kila mutu, na hakuna aliyekuwa na jibu lako. Walikuleta juu ya zile zile mbao za lori lililokugonga. Nimekasirika, Dieumerci. Nimekukasirikia weye, na lile lori, na kalamu yako nyekundu.

Nilirudi nyumbani ninakimbia. Nikamuambia Furaha yote, ninachanganya, bakuli, wazee, kumi. Unajua alinijibu nini? «Sirudi. Mashine ya Yaya haidanganyi.» Yaya, bado anakuita hivyo, kaka yake mukubwa. Alikuwa ameshazoea giza lake, anajua kila kona yake, na sasa mimi ninamuletea tumaini kama mutu anayekuletea deni. Nikamubembeleza. Nikamupikia lituma ya ndizi na samaki wa ziwa. Akala, akanawa, akafumba macho akaenda kulala mukono kwa ukuta. Asubuhi nikasimama mbele ya mulango wa chumba chake nikamuambia neno ambalo sikudhani litatoka kwangu. Nikasema: mashine ya Yaya wako imedanganya kwa sababu Yaya wako amekufa. Amekufa, Furaha. Hayuko mule ndani.

Halafu alilia vile hakulia kwa mazishi. Halafu akavaa viatu.

Baraka alikuwa amerudisha kofia ya taa mpaka kumi. Furaha aliingia, mimi nikabaki kwenye benchi. Nilishika rozari, sala hazikuja. Nilisikia kengele. Kimya. Kengele. Halafu kengele, kengele, kengele, papa, kama mutoto anayechezea mulango wa watu, mpaka muuguzi mumoja akapita akasema, huyu anavunja mashine! Nikasema aivunje. Nitawanunulia nyingine kwa sombe.

Karatasi yake iko nyeupe. Yote, mpaka ukingoni. Alitoka, akaniangalia, akamuangalia Baraka, na neno la kwanza lililomutoka lilikuwa: «Sasa wale wa korali nitawaambia nini?» Baraka alicheka na kulia pamoja. Furaha hakucheka. Alimuambia: «Weye utakuja kunibebea kile kitambaa mwenyewe.» Na alikibeba, kichwani, mchana, watu wote wanaona, mufundi wa kliniki na koti nyeupe.

Ninafikiri ulitaka niishie hapo. Mutoto amepona, mama, basi, samehe. Hapana.

Ju bado kuko wengine. Dokta Solange amesema watawaita wote waliopita bakulini tangu taa ile. Ameanza na simu. Dereva wa Ariwara alipatikana, amepimwa, ameshika usukani tena, na alikuja kunitukana mimi kama mama wa mashine, nikamuacha anitukane. Mama wa maziwa naye amepona. Lakini wako ambao simu zao hazipiti, na wako ambao hawana simu. Yule katekista wa Mahagi, ninasikia amekwisha kuacha kufundisha, anakaa mbele ya nyumba yake na macho mazima, anangoja. Anajitia ile dawa, inamuchoma, anaamini. Anaamini mustari wako mwekundu, Dieumerci. Mutu huyo hakukujua, na anakuamini kama mimi nilivyokuamini.

Nimemuambia Dokta, barua ya kliniki itachelewa, mimi nitaenda. Furaha anasema mama, barabara. Ninajua barabara. Nitapanda lori la watu wa viazi, nitakaa juu ya magunia, nitasali njia nzima na kumutukana dereva njia nzima. Nitamukuta muzee huyo, nitamuleta Bunia kwa mukono. Na akikataa kama Furaha alivyokataa, nitamuambia mimi ni mama wa aliyepiga mustari, na aliyepiga mustari amekufa, simama twende. Nyuma yake nitamutafuta mwingine.

Watu wananiambia, mama, muambie mutoto apumzike kwa amani. Kila mutu akifika hapa analisema hilo, na mimi ninaitika. Lakini mimi, mwenye kukuzaa, bado sijakuambia. Wamebaki watu wanaokaa gizani kwa kosa la hesabu yako, na weye ulale? Hapana, papa. Nitawaokota mumoja mumoja, na siku yule wa mwisho ataweka kidevu na kubonyeza kengele, nitakuja pale kaburini, nitakaa chini karibu na weye, nitakuambia: lala sasa, mutoto wangu.

Leo sikuambii. Leo nakuambia kwaheri tu, kama mutu anayekwenda Mahagi.

Mama yako, ambaye bado amekasirika na weye.